Dozi ya Dada

Kila hospitali kubwa ina wodi moja ambayo watu wakielekezwa huko hupunguza mwendo. Hii ilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, ikiwa na mlango wa kijani na kibao chenye jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyewahi kulisoma hadi mwisho. Watu waliipa jina lao wenyewe: Wodi ya Mwisho. Waliolala humo ni wale ambao dawa za kuponya zilishanyoosha mikono, zikabaki za kutuliza. Na aliyeiendesha wodi hiyo, vyovyote vile kibao cha mganga mkuu kilivyosema, alikuwa nesi mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba na ulimi ambao haukufungwa na chochote.

Walimwita Mama Vijiko, na jina alilitolea jasho. Ndugu wa wagonjwa walikuja na machupa ya supu, wakakaa kitandani, wakaanza kumsokomezea mtu uji kama wanaoziba ufa ukutani. Mama Vijiko alitokea nyuma yao kimyakimya, kwa viatu vyake vya mpira, akanyoosha kiganja.

"Baba, leta hicho kijiko."

"Sista, hajatia kitu mdomoni tangu jana," alijibu mzee mmoja fundi wa baiskeli, mkewe akiwa amelala mdomo wazi mbele yake.

"Najua."

"Atakufa na njaa!"

"Hafi na njaa, baba. Hali kwa sababu anaondoka. Mwili unafunga duka. Ukishusha mzigo saa hizi hakuna wa kuupokea, unapita njia ya pumzi, mtu anazama akiwa nchi kavu." Alimpa pamba iliyolowa maji. "Mlowanishe midomo hivi. Kisha mpake mafuta, isipasuke. Halafu mshike mkono, umsimulie. Masikio ndiyo huchelewa kuondoka."

"Nimsimulie nini?"

"Umeishi naye miaka yote hiyo umekosa la kumwambia? Basi muombe msamaha. Hapo najua hutakosa la kusema."

Fundi wa baiskeli alicheka kabla hajajua kwamba anacheka, na kicheko kikageukia njiani kikawa kilio, akainamisha kichwa kwenye shuka. Mama Vijiko aliondoka na kijiko chake mfukoni. Droo ya meza ya manesi ilijaa vijiko vya kila aina, kwani wenyewe walipomaliza kuzika hakuna aliyerudi kuulizia kijiko.

"Ukistaafu fungua hoteli," Ngazi alimwambia. Huyu alikuwa nesi mwenzake wa kiume, aliyeitwa hivyo kwa sababu balbu zote za wodi alizibadilisha kwa kunyoosha mkono tu. "Sahani ndizo zitakazokusumbua."

"Na wewe nitakuajiri uwe kibao cha nje. Watu wakuone toka kituo cha basi."

Kwenye kutuliza maumivu ndiko alikokuwa hana mchezo kabisa. Daktari mmoja mgeni, shahada yake bado inanukia wino, aliogopa kuandika dozi kubwa ya ile dawa chungu ya maji. Alisema mgonjwa anaweza kuizoea akawa mlevi wa dawa. Mama Vijiko alivua miwani, akaipangusa, akamtazama. "Daktari, ataizoea lini? Mwandikie. Huyu akiishi mpaka akawa mlevi, keki ya sherehe nanunua mimi." Dozi ikaandikwa. Kabla ya jioni mgonjwa aliweza kugeuzwa upande bila kupiga kelele, na daktari mgeni akajifunza kumuuliza yeye kwanza.

Manesi wapya walimuuliza, wewe unalia wapi? Maana hakuna aliyewahi kumwona. Mtu akikata roho, Mama Vijiko alimfumba macho, akamfunga kidevu, akamuosha taratibu huku akimweleza kila anachokifanya, sasa nakugeuza, sasa nakuinua mkono, kisha akanawa mpaka kwenye viwiko, akabadili viatu, akaenda nyumbani. "Nalia jikoni," aliwajibu. "Vitunguu vinanidai sana." Wakacheka, mada ikafa.

Basi huyo ndiye Mama Vijiko mwenyewe. Ilibidi umjue hivyo ndipo uelewe lililompata kwa dada yake.

Dada alikuwa muuza mitumba. Mama yao alipofariki, Dada ndio kwanza alikuwa anaota matiti na mdogo wake hajang'oka meno ya utoto. Dada aliacha shule, akaenda kusimama juu ya meza sokoni, shati moja kila mkono, akawa anaita wateja kwa sauti iliyowaamsha mpaka walinzi wa benki. Kwa sauti hiyo alimlea mdogo wake, akamsomesha unesi. Siku ya mahafali, jina la mdogo wake lilipotajwa, Dada alisimama juu ya kiti akapiga ukelele uleule wa sokoni, mgeni rasmi akadhani kuna moto. Mpaka uzeeni hakuwahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya Kadogo.

Uvimbe wa titi Dada aliuficha msimu mzima, kwa kuwa biashara ilikuwa imechangamka na yeye hakutaka kuambiwa apumzike. Alipousema, ulikuwa umeshapiga hodi kwenye mifupa. Zikafuata sindano, zikafuata safari za mashine ya mionzi, nywele zikaondoka zikarudi zikiwa laini kama za kichanga. Mwishowe daktari aliwaita wote wawili, akasema yale maneno ambayo Mama Vijiko mwenyewe alishayasema kwa mamia ya watu: tumefika mahali pa kutuliza tu. Mama Vijiko aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza ratiba ya zamu. Akaomba likizo. Akamhamishia Dada chumbani kwake, yeye akaweka godoro sebuleni.

Mwanzo kila kitu kilikwenda sawa, tena sawa mno. Shuka zilinyooka kuliko za wodini. Juu ya kabati vilipangwa kwa mstari pamba, mafuta, beseni, chupa ya dawa chungu, na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia dozi. Alimgeuza Dada kwa saa, visigino vikalazwa juu ya mito visipate vidonda. Dada akawa anamtania.

"Kadogo, nikitaka kukohoa nijaze fomu?"

"Kohoa tu, Dada."

"Asante, sista. Maana naona hata hewa humu inaingia kwa zamu."

Halafu Dada akaanza kulala. Siyo usingizi wa usiku, hapana. Alilala katikati ya sentensi, alilala na mdomo ukiwa nusu ya tabasamu. Chakula akakisukumia pembeni, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Mtu yeyote aliyewahi kupita Wodi ya Mwisho, hata mfagiaji, angejua maana yake. Mama Vijiko hakujua. Au tuseme alijua sana, na ujuzi huo ndio aliougeuza pazia. Kwa ndugu wa kawaida, mgonjwa akilala sana ndugu huogopa tu. Nesi huwa na sababu. Dada kalala mno? Chumvi ya mwili imeshuka. Kachanganya siku? Maji yamempungukia. Mkojo umekuwa mchache na mweusi? Si nimesema, maji. Mikono ya baridi? Damu kidogo, tutampa ya kuongeza. Kila dalili ilipobisha, aliifungulia mlango, akaivika koti jeupe na kuiketisha sebuleni kama mgeni wa kawaida.

Na kwa usingizi, alipata jibu lililompendeza kuliko yote: ni ile dawa. Inamlevya. Akiamka atakula, akila atapata nguvu, akipata nguvu tutaona.

Hivyo asubuhi moja alivuta dozi, bomba likasimama chini ya mstari. Chini kidogo tu. Mkono wake haukutetemeka, kwa kuwa mkono wa nesi haujui unachopima, unajua kupima tu. Adhuhuri Dada alifumbua macho, macho mapana kabisa, akatazama dirishani ambako nguo za jirani zilikuwa zimeanikwa.

"Shati lile la bluu ni mtumba," alisema. "Kola imegeuzwa."

Mama Vijiko nusura aruke. Alikimbilia jikoni, akarudi na bakuli la supu na kijiko. Dada akameza kidogo, akakohoa, akameza tena. Mwanawe Dada alipopiga simu (alikuwa dereva wa lori la mizigo, safarini mbali, anasubiri kushusha ndipo ageuze), Mama Vijiko alijibu kabla hajaulizwa: "Amekula!"

"Kweli, mama mdogo?"

"Supu! Na ameniambia habari za kola."

Dereva akacheka kwa furaha hadi simu ikakwaruza. Tangu siku hiyo habari yote ya mgonjwa ikawa neno hilo moja. Amekula. Na dozi ikawa inashuka, leo kidogo, kesho kidogo.

Maumivu yakarudi, kama mpangaji anayejua ufunguo unakowekwa. Dada hakulia. Mtu aliyesimama juu ya meza jua na mvua hajui kulia kwa sauti ndogo, na kwa kubwa hakutaka. Lakini wakati wa kugeuzwa alishika ukingo wa godoro mpaka vidole vikapauka, na katikati ya nyusi zake pakaja mkunjo usiotoka hata akisinzia. Mama Vijiko alikuwa amewafundisha manesi kadha wa kadha: mgonjwa asiyesema, msome kwenye kipaji cha uso na kwenye viganja. Alikiona kiganja. Akajiambia, anajinyoosha tu. Akachukua kijiko.

Ngazi alikuja na pikipiki ya hospitali, maana wodi ilikuwa na zamu ya kutembelea wagonjwa majumbani. Mlio wake uliposikika nje, Mama Vijiko alifanya jambo ambalo angelicheka kwa wiki nzima kama angelifanya ndugu wa mgonjwa. Alilisukumia bakuli la supu chini ya kitanda kwa mguu.

"Shikamoo, Dada," Ngazi alisema mlangoni, akiinama.

"Marahaba. Ingia polepole, taa tuliyo nayo ni hiyo moja."

Ngazi akaikwepa taa, akapiga goti kando ya kitanda. Alimshika Dada kifundo cha mkono, akamtazama usoni kwa muda kuliko inavyohitajika kuhesabu mapigo.

"Maumivu vipi?"

Dada alimtazama mdogo wake kwanza, kama mtoto anayeulizwa na mgeni kama ameshiba. "Yapoyapo," akasema.

Ngazi hakuuliza tena. Aliinuka, akaichukua chupa juu ya kabati, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa kidogo. Akairudisha mahali pake. Aliposogeza mguu, kijiko kililia chini ya kitanda, kling, kwenye bakuli. Wote watatu walikisikia. Dada akafumba macho, na mwenye kumjua angejua kwamba anazuia kicheko.

"Sista," alisema Ngazi, "nisindikize nikanywe maji."

Jikoni walisimama, yeye karibu na jiko, Ngazi kichwa kikigusa kamba ya kuanikia taulo. Hakuna aliyegusa glasi.

"Chupa imejaa."

"Haijajaa."

"Imejaa kuliko inavyotakiwa iwe leo."

"Ngazi, usije nyumbani kwangu ukanifundisha kazi. Nilikupokea ukiwa hujui hata kutandika kitanda chenye mtu."

"Ndiyo, ulinipokea."

"Inamlaza! Akilala hali. Nimepunguza kidogo ili apate kula."

"Akila, halafu?"

Mama Vijiko alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ya kitaalamu kabisa, yamepanga foleni: chumvi, maji, damu. Hakuna hata moja lililokubali kutoka la kwanza.

"Anashika godoro, sista," Ngazi alisema polepole. "Nimeona alama za kucha kwenye shuka. Wewe hukuziona?"

"Niliziona."

"Yule mzee wa baiskeli ulimwambia..."

"Mzee wa baiskeli hakuwa na dada!" alifoka. Akajisikia mwenyewe alichosema.

"Alikuwa na mke," alisema Ngazi.

Nje jirani aliita mtoto, mtoto hakuitika. Mama Vijiko alivua miwani, akaishika bila kuipangusa.

"Mimi nawajua wote wanaoondoka," alisema hatimaye, sauti imepungua. "Siangalii cheti, siangalii kipimo. Naangalia miguu. Miguu ndiyo huanza. Inapoa, magoti yanaingia mabaka ya zambarau, basi, najua ni leo au ni kesho, naita watu wao. Sijawahi kukosea, unajua."

"Najua."

"Ya Dada sijaiangalia."

"Tangu lini?"

"Nimemvalisha soksi. Joto lote hili, Ngazi. Nimemvalisha soksi ndefu za shule, naye hakuniuliza."

Ngazi hakumgusa bega wala hakumwambia jikaze. Alimpisha tu njiani, na kwa mtu wa urefu ule, kupisha jikoni mle ilikuwa kazi.

Walirudi chumbani. Mama Vijiko aliketi upande wa miguu, akavua soksi ya kwanza, kisha ya pili, akizikunja moja ndani ya nyingine kama za kupeleka dukani. Vidole vya Dada vilikuwa vya baridi. Nyayo zilikuwa zimepauka rangi ya majivu, na chini ya magoti mabaka yalikuwa yamekaa kama michoro ya mawingu. Aliviweka viganja vyake juu ya mabaka hayo. Akayatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

Halafu akasimama, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavuta dozi mpaka kwenye mstari ulioandikwa na daktari. Akamwinua Dada kichwa, akamdondoshea dawa taratibu pembeni mwa shavu, tone kwa tone. Ngazi alisubiri mpaka mkunjo wa kipaji ulipoanza kufunguka, ndipo akatoka nje kukaa barazani. Alisema pikipiki imechemka. Pikipiki ilikuwa imepoa kitambo.

"Dada."

"Mm."

"Nilikuwa nakupunguzia dawa."

"Najua."

"Unajua?"

"Kadogo, nimeuza nguo maisha yangu yote. Mtu akinipunjia sentimita moja ya kitambaa nasikia kwenye vidole. Nitashindwa kusikia dozi?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ya sokoni bado ilikuwa ndani yake, imekaa chini kupumzika. "Ya zamani ilikuwa chungu mpaka nyuma ya ulimi. Yako ikawa inaishia mbele."

"Kwa nini hukusema?"

Dada alifikiri, au alipumzika. Ilikuwa vigumu kutofautisha. "Nilikuwa nikifumbua macho naona unavyofurahi. Unakimbia jikoni na hayo makalio, vyombo vinaanguka. Nikasema, acha aniamshe. Nikiondoka atanikosa kweli."

"Uliumia."

"Sana, mdogo wangu."

Hakumwambia si kitu. Dada hakuwa mtu wa kupamba bidhaa mbovu. Lakini alinyoosha mkono juu ya shuka, kiganja juu, na Mama Vijiko akakishika, na hapo ndipo alipolia. Hakulia vizuri. Alilia kwa kukoroma, pua imeziba, miwani ikining'inia kifuani, maneno yakitoka vipande vipande: nisamehe, nisamehe, sikutaka uende, nani ataniita Kadogo, mimi nina mvi, Dada, nani mwingine ataniita hivyo.

"Ngazi," alisema Dada, macho yamefumba. "Mwambie Ngazi akuite."

"Ngazi ni mtoto!"

"Basi utabaki na Sista. Pole sana." Kicheko kilimtoka kama pumzi tu. Kisha akasema, "Panda."

"Nipande wapi?"

"Kitandani. Unanichosha kukutazama juu kama daktari."

Akapanda. Alijikunja upande wa ukuta, kwa uangalifu wote wa kazi yake asiuguse mgongo wake unaouma. Dada alinuka mafuta na dawa na, chini kabisa, harufu ya mitumba ya robota lililofunguliwa sasa hivi, ambayo sabuni yoyote haikuwahi kuiondoa.

"Nipe habari za mtaa," alisema Dada. "Umenipa supu wiki nzima, habari hata moja hukunipa."

Mama Vijiko akapangusa pua kwa mkono wa gauni. Akaanza kumweleza ya mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, yule mjane mwenye suti moja. Kwamba alikuwa amempenda mama wa saluni, akatafuta dawa ya nywele, akazipaka nyeusi tii, na ndevu pia. Siku ya kwenda kusema neno lake, alivaa ile suti, akashika maua, akatoka. Mvua ikamkuta njiani.

"Usiniambie," alinong'ona Dada.

"Ndiyo! Dawa ikashuka yote. Ikashuka masikioni, ikashuka shingoni, kola nyeupe ikawa kama ya fundi gereji. Kafika mlangoni kama mtu aliyemwagiwa wino. Mama wa saluni akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, mwalimu, ingia kwanza nikuoshe kichwa."

Dada alitabasamu kwa upande mmoja. Pumzi zake zikaanza kuachana, moja, kisha nafasi, kisha nyingine kutoka mbali. Mama Vijiko alizijua pumzi hizo kama mtu anavyojua hatua za wenziwe wa nyumbani. Safari hii hakuzipima. Aliendelea kusimulia. Akaeleza jinsi mwalimu alivyoketishwa kwenye kiti cha wateja, taulo shingoni, suti inachuruzika maji. Jinsi mama wa saluni alivyomwosha mara moja, mara mbili, maji yakatoka meusi, kisha kijivu, kisha safi. Mahali fulani kwenye maji ya kijivu pumzi ilitoka, na iliyofuata haikuja.

Alijua. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umemwambia. Lakini Dada alichukia habari ya kukatwa katikati kuliko alivyochukia mteja asiyenunua, basi akaimalizia. "Akamkausha, Dada. Akazichana zile mvi zote, akamgeuzia kioo. Akamwambia, haya mwalimu, sasa sema ulichokuja kusema, nakuona vizuri." Akatulia kidogo, sikio bado likisubiri. "Akasema. Na mama wa saluni kakubali. Wanaoana."

Nguo za jirani zilikuwa zimeanuliwa. Alilala pale mpaka mkono ule ulipoacha kuwa na joto la Dada ukabaki na joto lake yeye.

Ndipo akashuka, akachukua simu. Dereva alipokea kwa mlio wa kwanza, injini ikinguruma nyuma yake, akasikia namna mama yake mdogo alivyovuta pumzi, akaegesha lori pembeni. Kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza, na ambalo Mama Vijiko alikuwa na jibu lake tayari, laini, lililokwishatumika kwa wengi.

"Aliumia?"

Jibu lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno: hapana, alienda kwa amani. Lingemtosha kijana yule maisha yake yote. Alilizuia.

"Leo hapana, mwanangu. Leo alikwenda ametulia, tukiwa tunapiga umbea. Lakini siku za kabla ya leo aliumia. Mimi ndiye niliyempunguzia dawa. Nilitaka aamke ale. Ile furaha niliyokuwa nakupigia simu, ilikuwa inatoka kwenye maumivu yake."

Upande wa pili injini ilizimwa. Alisikia magari mengine yakipita barabarani, moja, jingine, jingine.

"Na mimi nilifurahi," alisema dereva, sauti imepasuka. "Kila uliponiambia amekula, nilifurahi." Akalia, naye akalia, hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Baadaye akasema, "Nageuza, mama mdogo. Nikifika utaniambia yote, hata hayo mabaya. Sasa rudi ukakae naye."

Ngazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu, hakuna aliyemwagiza. Walifanya kazi kama walivyoifanya pamoja mara nyingi, yeye upande wa kushoto, Ngazi upande wa kulia, kitambaa kikisuuzwa na kukamuliwa. Kwa kawaida Mama Vijiko ndiye aliyezungumza na marehemu, sasa nakugeuza, sasa nakuinua mkono. Leo mdomo wake haukuweza. Ngazi akaanza kusema badala yake, kwa sauti ya chini, akikosea hapa na pale.

"Sasa tunakugeuza, Dada. Upande wa dirishani."

Akaweka mikono yake mirefu chini ya bega na chini ya nyonga, akajiandaa kuvuta.

"Taratibu," alisema Mama Vijiko haraka. "Taratibu na huo mgongo, anaumia."

Ngazi alisita. Akamtazama, kisha akamtazama Dada.

"Sawa," akasema. Akaanza upya, polepole zaidi.